Sumu ya dawa za kifafa

Sumu ya dawa za kifafa humpata mtu aliyemeza dawa za kuzuia degedege kupita kipimo, kwa kukosea au kwa kutaka kujidhuru, na pia mtoto aliyeokota vidonge vya mkubwa wake.

Dawa ya kutiliwa maanani kwanza ni fenobabito. Inatumika tangu 1912 na bei yake ni nafuu, hivyo iko katika nyumba nyingi za wagonjwa wa kifafa. Ikizidi, mgonjwa husinzia, ulimi huwa mzito, huyumba akitembea. Baadaye haamki tena. Mwili hupoa, presha hushuka na pumzi hupungua. Kinachoua hasa ni kukosa pumzi. Tena dawa hii hukaa mwilini muda mrefu: kwa mtu mzima, huchukua siku tatu hadi tano kupungua kwa nusu. Kwa hiyo anayefumbua macho asubuhi asiruhusiwe kwenda nyumbani mapema.

Kabamazepini ina hila yake. Tumbo huinyonya polepole, na mtu anayeonekana mzima huweza kuzimia saa kadhaa baadaye. Huvuruga mapigo ya moyo na huweza kuleta degedege lilelile linalotibiwa nayo. Fenitoini huchezesha macho na kumfanya mtu ayumbe. Valproati hupandisha amonia katika damu.

Kongo ina kisa chake kizito. Mwishoni mwa 2014 huko Ituri, wagonjwa walifika vituoni shingo zimepinda, nyuso zimekakamaa, ndimi zimetoka nje. Ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi wa Madaktari Wasio na Mipaka na wenzao ulionyesha kwamba vidonge vilivyouzwa kama diazepamu, dawa ya kutuliza na kuzuia degedege, vilikuwa na haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Hadi Agosti 2015 waliolazwa walipita 1,000, wakiwemo watoto wengi. Ndiyo maana daktari anapaswa kuamini dalili za mwili kuliko maandishi ya kopo.

Kwa aliye mbali na hospitali, mathalani katika vijiji vya wavuvi kandokando ya Ziwa Tshangalele, karibu na Likasi, la kwanza ni kumlaza ubavu na kumsafirisha upesi pamoja na vidonge vilivyobaki. Asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa au mafuta: aliyelegea huweza kupaliwa.

Fenobabito haina dawa maalumu ya kuizimua. Hospitalini mgonjwa husaidiwa kupumua, hupewa mkaa wa tiba ikiwa njia ya hewa ni salama, na sodiamu baikaboneti ili figo ziitoe dawa. Hali ikiwa mbaya sana damu husafishwa kwa mashine. Flumazenili, inayozimua diazepamu, ni ya hatari kwa mwenye kifafa kwa kuwa huweza kuamsha degedege. Mgonjwa akipona, daktari hupanga upya matibabu yake ya kifafa, maana kuyakatisha ghafla huweza kuleta degedege lisilokoma.