Mchezaji Mmoja, Walimu Watatu

Katika shule nyingi za sekondari za Rangwe, saa kumi jioni ni saa ya kugombea watoto. Kengele ya michezo ikilia, mwalimu wa mpira wa kikapu anamtafuta yule kijana mrefu wa kidato cha tatu. Mwalimu wa mpira wa mikono naye ameshamwandika kipa. Na mwalimu wa riadha anajua vyema kwamba shule nzima haina mwingine wa kumtegemea katika kuruka juu. Kijana ni huyo huyo, na jioni ni hiyo hiyo.

Rangwe ni eneo bunge la Kaunti ya Homa Bay lenye wadi nne: Gem Magharibi, Gem Mashariki, Kagan na Kochia. Shule kubwa kama Asumbi Girls zipo, lakini za kutwa zenye mkondo mmoja au miwili ni nyingi zaidi. Shule ya aina hiyo ikitaka kupeleka timu katika kila mchezo, haina budi kurudia majina yale yale kwenye orodha zote. Beki wa kandanda ndiye mshambuliaji wa voliboli, na ndiye anayekimbia mita 400. Watu wa mijini humwona mwanafunzi wa namna hii kuwa na kipaji cha ajabu. Rangwe hilo ni jambo la kawaida, na limekuwa hivyo kwa muda mrefu.

Kabla ya shule kuja, Waluo wa kusini mwa ghuba ya Ziwa Victoria walikuwa na michezo yao. Adhula ulikuwa mchezo wa mpira unaopigwa kwa fimbo zilizopinda, jamaa wa karibu wa mpira wa magongo wa leo. Olengo ulikuwa mchezo wa mieleka, na heshima ya ukoo mzima ilikuwa mabegani mwa kijana mmoja. Hakukuwa na mtu aliyetengewa mchezo mmoja tu. Aliyekuwa na nguvu alishindana mieleka, mwenye mbio alicheza adhula, na wengi walifanya yote mawili bila kuulizwa wamechagua nini.

Wamisionari ndio walioleta filimbi na ratiba. Shule ya Maseno ilifunguliwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1906, na mwaka huo huo Mkanada Arthur Carscallen wa Kanisa la Waadventista Wasabato alifika Gendia, karibu na Kendu Bay. Wakatoliki wa shirika la Mill Hill walifika Asumbi, ndani ya Rangwe ya leo, katika miaka ya mwanzo ya 1910. Shule za misheni zilifundisha kusoma, useremala na dini, na jioni wanafunzi wakapelekwa uwanjani. Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyeongoza Maseno kuanzia 1928 hadi 1940 kisha akahamia shule ya Alliance, aliamini kwamba kandanda humfunza mvulana nidhamu sawa na Biblia na hesabu. Walimu waliopitia mikononi mwake walisambaa Nyanza nzima wakiwa na imani hiyo hiyo.

Tangu mwanzo, basi, mwalimu wa shule za Nyanza alitarajiwa kuwa kocha, na mwanafunzi akatarajiwa kucheza kila alichoambiwa.

Serikali ya kikoloni iliongeza mashindano ya wilaya. Wakati huo Homa Bay, Migori, Kuria na Kisii zote zilikuwa chini ya wilaya moja, Kavirondo Kusini, iliyokuja kuitwa Nyanza Kusini, na boma lake lilikuwa Kisii. Machifu walileta vijana wao wakimbie, waruke, warushe mkuki na kuvutana kamba. Bingwa wa lokesheni alikuwa mtu wa kuingizwa katika mashindano matatu au manne siku moja, kwa sababu chifu alitaka pointi. Kutoka wilaya hiyo alitokea Nyandika Maiyoro, Mkisii aliyekimbia Vancouver mwaka 1954 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, kisha Olimpiki za Melbourne 1956 na Roma 1960, ambako alimaliza wa sita katika mita 5,000. Baada ya Maiyoro, ikafahamika kwamba mtu akishika jambo moja anaweza kufika mbali kuliko chifu yeyote alivyowahi kuota. Hapo ndipo pande mbili zilipoanza kuvutana: shule inayotaka pointi katika kila kitu, na kocha anayemtaka mtu wake peke yake.

Uhuru ulileta shule za harambee, na kwa zaidi ya miaka 20 mfumo wa masomo ulikuwa na kidato cha tano na cha sita. Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa michezoni. Mvulana wa miaka 19 au 20 alikuwa na mwili uliokomaa na muda wa kutosha. Angeweza kutumia miaka minne ya kwanza kujaribu kila mchezo, na miwili ya mwisho kuutilia mmoja mkazo. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, na mitihani ya mwisho ya kidato cha sita ikafanywa 1989, miaka ile miwili ilitoweka. Somo la elimu ya viungo lilibaki kwenye ratiba, ila kwa kuwa halikutahiniwa, katika shule nyingi kipindi chake kilimezwa na hesabu au kemia. Mazoezi yakabanwa kwenye ile saa ya michezo ya jioni. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna uamuzi uliomdhuru mwanamichezo wa kijijini kuliko huu, na walioupitisha hawakuwa wakifikiria michezo hata kidogo.

Mlinzi mkubwa wa mchezaji wa michezo mingi ni kalenda. Chama cha Michezo ya Shule za Sekondari Kenya, KSSSA, kimeigawa michezo kwa mihula. Kwa miaka mingi muhula wa kwanza umekuwa wa mpira wa kikapu, magongo, mpira wa mikono na raga ya wachezaji 15. Muhula wa pili umekuwa wa kandanda, voliboli, netiboli na raga ya wachezaji saba. Kwa mgawanyo huo kijana wa Kochia aliweza kuwa mlinda lango wa mpira wa mikono mwezi Februari na mlinda lango wa kandanda mwezi Juni, na mwalimu wa mchezo mmoja akampumzisha mwanafunzi ili mwenzake amchukue. Ni mpango mzuri kuliko unavyosifiwa.

Mvutano huja ndani ya muhula mmoja. Chukua siku ya mashindano ya zoni. Shule mwenyeji imechora mistari ya chokaa asubuhi na umande bado haujakauka. Uwanja wa kikapu ni wa udongo uliopigwa ukawa mgumu, na ule wa mpira wa mikono uko ng'ambo ya madarasa. Mechi ya mikono ilipangwa saa nne lakini imechelewa kwa sababu timu moja ilisubiri matatu. Saa tano na nusu kikapu kinaanza. Kijana anavua jezi moja nyuma ya basi na kuvaa nyingine, miguu yake ikiwa bado inatetemeka kwa uchovu, huku walimu wawili wakibishana kwa sauti ya chini mbele ya meza ya kamati ya ratiba. Kila mmoja ana haki. Mmoja amemfundisha tangu kidato cha kwanza. Mwingine akikosa mchezaji huyo leo, timu yake haitafika kaunti. Na mshindi wa zoni huenda kaunti ndogo, kisha kaunti, kisha eneo la Nyanza, kisha kitaifa, na wanaofanya vizuri huko huingia mashindano ya FEASSSA ya Afrika Mashariki, yaliyofanyika Mbale, Uganda, mwaka 2024 na Kakamega mwaka 2025.

Walimu hawa si makocha wa kulipwa. Ni walimu wa Kiswahili, wa biolojia, wa kilimo, wanaobaki uwanjani baada ya vipindi, na wengi hununua mpira kwa pesa zao. Malipo yao ni jina, na jina hutokana na ushindi. Ndiyo maana ni rahisi kumlaumu kocha anayemkataza mtoto kucheza mchezo mwingine, na ni vigumu zaidi kuona ni nani aliyemfikisha hapo. Mkuu wa shule anayelipa mafuta ya basi huuliza habari za kombe kabla ya kuuliza habari za magoti ya mtoto.

Kwa wasichana mambo ni mazito zaidi. Netiboli, voliboli na kandanda zote ziko muhula wa pili, na msichana mrefu mwenye kasi hutakiwa na zote tatu kwa majuma yale yale. Akirudi nyumbani, katika familia nyingi, maji na jiko vinamsubiri, jambo ambalo kaka yake haulizwi.

Kuna pia suala la Jumamosi. Ukristo wa Kisabato umeota mizizi Homa Bay na Migori tangu misheni za Gendia na Kamagambo, na kwa Msabato kazi na mashindano husimama Ijumaa jua likizama hadi Jumamosi jua likizama. Mashindano ya ngazi za chini mara nyingi huangukia mwisho wa juma. Mwalimu Mkatoliki aliyesomea Asumbi huona Jumamosi kuwa siku bora ya mechi. Mchezaji wake wa Kisabato yuko kanisani. Walimu wenye busara hupanga kikosi wakijua hilo tangu Januari, na kuwapanga watoto hao katika michezo ambayo mechi zake huangukia katikati ya juma. Makubaliano haya yamedumu vizazi kadhaa bila kuandikwa popote.

Juu ya yote hayo kuna kandanda. Gor Mahia, mganga mashuhuri ambaye klabu ya kandanda ilichukua jina lake, alikuwa mtu wa Kanyamwa, Ndhiwa, jirani wa Rangwe. Klabu iliundwa mwaka 1968, na mwaka 1987 ikatwaa Kombe la Washindi la Afrika kwa kuishinda Espérance ya Tunisia kwa mabao ya ugenini. Kuanzia hapo mwalimu wa kandanda Nyanza Kusini amekuwa na sauti kuliko wenzake, na kijana anayeonyesha ufundi wa mguu huambiwa aache mengine. Agoro Sare ya Oyugis imeonyesha kwamba shule inaweza kuwa na jina katika kikapu na katika kandanda kwa pamoja, lakini hiyo ni shule kubwa yenye wachezaji wa kutosha.

Ushahidi wa kwamba kijana hapaswi kuharakishwa kuchagua mchezo mmoja upo tele. Daktari wa meno Joe Masiga alifunga mabao ya AFC Leopards na Harambee Stars katika miaka ya 1980 na bado akacheza raga katika klabu ya Mwamba. Ferdinand Omanyala, aliyekimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021, alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kugeukia mbio mwaka 2015. David Rudisha, mzaliwa wa Kilgoris, ng'ambo ya mpaka wa Migori, alianzia mita 400 na hata kujaribu dekathloni. Bruda Colm O'Connell wa Iten ndiye aliyemsogeza kwenye mita 800, na mwaka 2012 London akaweka rekodi ya dunia ya dakika 1:40.91. Kule Nigeria, Hakeem Olajuwon alikuwa mchezaji wa mpira wa mikono na mlinda lango wa kandanda kabla ya kushika mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa. Alitwaa ubingwa wa NBA na Houston Rockets 1994 na 1995, na waliomtazama walisema miguu yake ilikuwa ya mtu wa kandanda.

Madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 2016, walishauri kijana asifungwe kwenye mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16, apumzike siku moja au mbili kila juma, na akae mbali na mchezo wake mkuu jumla ya miezi mitatu kwa mwaka. Kalenda ya mihula ya Kenya ilikuwa ikifanya jambo linalokaribia hilo miaka mingi kabla, kwa sababu za usafiri na bajeti. Hatari ya Rangwe iko kwingine: mtoto anayebadilisha mchezo lakini hapumziki kabisa, kwa kuwa kila muhula una mwalimu wake na kila mwalimu ana kombe lake.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na moja ya njia tatu walizopewa ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi anaweza kujenga masomo yake ya sekondari ya juu juu ya michezo, nayo ikahesabiwa. Homa Bay nayo ilifunguliwa Uwanja wa Raila Odinga kwa sherehe za Madaraka za Juni 2025. Ila njia hiyo inahitaji walimu waliosomea michezo, viwanja na vifaa, na kuna uwezekano mkubwa ikajikusanya katika shule chache kubwa. Shule hizo zitawavuta watoto bora wa Kagan na Kochia, na shule za kutwa zitabaki na mwalimu yule yule, mpira ule ule, na orodha ya majina yanayojirudia. Kamati za michezo za kaunti ndizo zenye uwezo wa kuweka kikomo cha michezo ambayo mwanafunzi mmoja anaweza kuchezea shule yake katika muhula mmoja, na kupanga mechi za zoni kwa siku tofauti. Hilo halihitaji uwanja mpya wala bajeti kubwa, na linaweza kuanza na ratiba ya muhula ujao.