Tiger Jackson wa Kariakoo

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973; sisi wa Dar tulikuwa na sinema za Empire, Avalon na Odeon, kisha ikaja mikanda ya video. Kwenye mabanda ya video ndiko Derek Mukandala, maarufu Lufufu, alikojizolea sifa. Sauti yake iliifunika filamu: akitafsiri, akitania, akimpa hata jambazi asiye na jina tabia na ukoo. Steringi wa Hong Kong alisema alichotaka Lufufu.

Gemu zilipoingia zilikuta mazoea hayo yameshakomaa. Tekken 3, gemu ya mapigano, ilitoka Japani mwaka 1997 kwenye mashine za sarafu, na mwaka uliofuata kwenye PlayStation. Diski tulizochezea Kariakoo zilikuwa za kunakili, ndani ya nailoni, bila kitabu cha maelezo. Upanga, kwenye magorofa, walikuwapo watoto waliokuwa na diski halisi na magazeti ya gemu waliyoletewa na ndugu zao wa London. Kwa hiyo hadithi rasmi ilikaa upande mmoja wa Barabara ya Morogoro, na ya kwetu upande wa pili. Ukivuka pale Faya, ukweli unabadilika.

Eddy Gordo wa Tekken 3, Mbrazili mpiga capoeira, ana historia kamili: mtoto wa tajiri, baba kauawa, yeye kaingia jela na humo akajifunza kupigana. Lakini ukimfikia Eddy ukabonyeza Start badala ya vitufe vya kawaida, ukiwa umeshamfungua, anatokea Tiger Jackson: afro kubwa, suruali pana chini, mapigo yale yale ya Eddy. Nyuma yake waundaji hawakuweka kitu.

Banda letu likaweka. Jamaa aliyekusanya sarafu, kaegemea mlango, pedi ya akiba begani, alitutangazia kuwa Tiger ni mnenguaji kutoka Zaire aliyekuja Dar na bendi ya Maquis, akanengua kwenye ukumbi wa White House wa Ubungo, akagombana na kiongozi wa bendi kuhusu malipo, akaachwa. Anapigana apate nauli ya treni ya Kigoma. Aliyefungwa akikabidhi pedi, tulimwambia Tiger kakosa treni tena. Maquis ilikuwepo kweli, ilitoka Zaire kweli, na baba zetu waliicheza. Ndiyo maana uongo ule ulishika.

Watoto wa magorofani walicheka. Kwao Tiger alikuwa Eddy aliyebadilishwa nguo tu. Kwa Eddy nakubaliana nao: mabanda mengine yalimfanya Mjamaika kwa sababu ya rasta zake, na huko ni kumpora mtu baba aliyeuawa. Mwenye historia yake aachiwe. Ila aliyeachwa mtupu ni halali ya anayemcheza, na mnenguaji aliyedhulumiwa mshahara ni mtu zaidi kuliko nguo ya ziada.

Tiger alirudi kwenye Tekken Tag Tournament ya 1999, kisha kwenye ile ya pili, na zote mbili hazihesabiwi katika hadithi rasmi ya Tekken. Kama banda lenu, Ilala, Temeke au Tanga, lilimpa maisha mengine, yaandike. Yetu nimeshayaandika.