Nyota Mapacha na Vumbi Lao

Mtu akitazama mbingu usiku, huona nyota mojamoja. Kumbe nyingi kati yao ni mbili zinazozungukana, ila jicho haliwezi kuzitenga. Juu ya neno hilo padri mmoja alipingwa sana zamani, nasi yafaa tumkumbuke.

Ni Padri Christian Mayer, Mjezuiti, mkubwa wa nyumba ya kutazamia nyota mjini Mannheim, Ujerumani. Mwaka 1773 Papa Klementi XIV alivunja Shirika la Yesu, lakini Mayer hakuacha darubini yake. Akatangaza kwamba nyota kadhaa zina wenzi karibu nazo. Wenye elimu wakabisha, hata Padri Maximilian Hell wa Vienna, Mjezuiti mwenzake. Mwaka 1778 Mayer akatoa kitabu cha kujitetea. Si yote aliyodhani yalikuwa sawa, naye akafa mwaka 1783 kabla ya shauri kukatwa. Mwaka 1803 William Herschel, huko Uingereza, alionyesha kwa vipimo vya miaka mingi kwamba nyota mbili za Castor huzungukana kweli.

Wakati ule Kant (1755) na Laplace (1796) walifundisha kwamba jua na sayari zake zilitoka katika wingu moja, lililozunguka na kutandazika kama sahani. Basi likabaki ulizo: penye jua mbili, kila moja ikivuta upande wake, je, vumbi litapata utulivu wa kuzaa sayari?

Jibu lilikawia. Mwaka 1983 satelaiti IRAS ya Marekani, Uholanzi na Uingereza ilihisi joto la vumbi kando ya nyota Vega. Mwaka 1994 antena za redio katika milima ya Ufaransa zilionyesha pete ya vumbi na gesi kuzunguka nyota changa za GG Tauri. Pete hiyo ni kubwa: ukingo wake wa ndani u mbali na nyota kama mara 180 ya umbali wa dunia na jua. Katikati pako wazi, kwa sababu nyota zenyewe, katika kuzungukana kwao, zimefagia pahali pale. Lakini hazikosi chakula. Mwaka 2014 antena za ALMA, nchini Chile, zilionyesha gesi ikivuka uwazi ule kama kijito, ikilisha sahani ndogo iliyo ndani. Na mwaka 2011 ilikwisha kutangazwa sayari Kepler-16b, inayozunguka jua mbili kwa siku 229.

Basi vumbi hustahimili. Sisi tunaofundisha tujihadhari. Waliompinga Mayer hawakuwa adui wa Kanisa wala wajinga. Walikuwa walimu, na mmoja alikuwa ndugu yake katika utawa. Mwanafunzi akituletea ulizo lisilo katika daftari letu, tusimcheke upesi. Mungu aliyeumba nyota haogopi kutazamwa.