Filamu za bunilizi ya kisayansi na uazimaji wa mawazo

Filamu za bunilizi ya kisayansi huazima mawazo kutoka kazi zilizotangulia, na mara nyingi watengenezaji wenyewe hukiri. George Lucas alieleza kwamba roboti wawili wa filamu yake Star Wars (1977) walitokana na wakulima wawili wa The Hidden Fortress (1958), filamu ya Akira Kurosawa wa Japani. Nayo 12 Monkeys (1995) ilitaja waziwazi kuwa chanzo chake ni La Jetée, filamu fupi ya Kifaransa ya mwaka 1962.

Afrika Mashariki, mfano wa kutazamwa kwa makini ni Pumzi (2009) ya Mkenya Wanuri Kahiu. Baada ya vita vya kugombea maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, na jasho na mkojo wao husafishwa wapate kunywa tena. Wazo hilo msomaji wa Dune, riwaya ya Frank Herbert ya mwaka 1965, atalitambua mara moja. Dawa za kuzuia ndoto zilizomo katika Pumzi nazo zinakumbusha filamu ya THX 1138 (1971), ambamo raia hulazimishwa kumeza vidonge vya kutuliza hisia. Kufanana huku peke yake hakuthibitishi kuazima.

Lililo la Kahiu mwenyewe ndilo lenye uzito zaidi: Asha, mhifadhi wa makumbusho, anatorokea jangwani kuipanda mbegu ya mti wa Maitu, jina la Kikikuyu.

Pumzi ilioneshwa katika tamasha la Sundance, Marekani, mwaka 2010.