MPIGA CHAPA NA KAZI YAKE
Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, Arusha na Meru

Tafadhali kila mmoja ashike kitabu chake cha kusomea. Leo tutazungumza juu ya watu ambao kwa kazi yao vitabu vilianza kupatikana katika nchi yetu.

Zamani kila herufi ya kitabu ilitoka katika kipande kidogo cha risasi, iliyochanganywa na bati na antimoni ili iwe ngumu. Mpiga chapa alisimama mbele ya sanduku lenye vyumba vingi, kila herufi na chumba chake. Aliokota herufi moja moja, akazipanga mstari kwa mstari, akazifunga katika fremu ya chuma, akazipaka wino, kisha akakandamiza karatasi juu yake.

Tena herufi zile zilitengenezwa kinyume, kama sura katika kioo. Herufi b ilionekana kama d. Basi ninyi mnaochanganya b na d, msione haya. Hata fundi wa chapa ilimpasa kujifunza kuzitofautisha.

Na picha je? Mchonga picha alitwaa kipande cha mti mgumu kilichokatwa kukingama shina, akakilainisha sana. Halafu akachimba kwa vyuma vyembamba. Palipochimbwa palibaki peupe. Palipoachwa palishika wino. Akikosea, hakuweza kufuta. Kimo cha kipande hicho kililingana na kimo cha herufi, kwa hiyo picha na maneno vilipigwa chapa pamoja. Thomas Bewick wa Uingereza, aliyeishi tangu 1753 hata 1828, alisifika sana kwa kazi hiyo.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1864 Edward Steere wa misheni ya UMCA alifika Unguja. Yeye alijua kupiga chapa, na vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kazi hiyo katika misheni. Wakati huo soko la watumwa lilikuwa bado wazi; lilifungwa mwaka 1873. Fikirini, ndugu zangu: watu waliokuwa wakiuzwa kama mizigo sasa walipanga maneno ya Kiswahili kwa mikono yao. Mwaka 1888 gazeti la Kiswahili liitwalo Msimulizi lilianza kutolewa huko Unguja.

Faida yake ni nini? Watu wa Meru wanaijua. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alipeleka malalamiko yao Umoja wa Mataifa, New York. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Lakini mwaka 1967 yeye na Earle Seaton walitoa kitabu juu ya kesi hiyo. Neno la mdomo huchukuliwa na upepo. Lililopigwa chapa humngoja msomaji, hata kama msemaji amekwisha kufa.

Siku hizi kompyuta zimechukua mahali pa herufi za risasi. Lakini kusoma bado ni kazi yako mwenyewe.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini herufi za risasi zilitengenezwa kinyume?
2. Wameru walipata faida gani kwa kesi yao kuandikwa kitabuni?
3. Ni habari gani ya kijiji chako ungependa ipigwe chapa? Andika mistari mitatu.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.