Mzee, Nimeibiwa?



Kijana mmoja wa kwetu, hapa West Side ya Buffalo, alitumia mshahara wa miezi miwili kuliongezea gari lake nguvu. Alibadilisha eksozi, akamlipa fundi apange upya kompyuta ya injini. Akaambiwa sasa ana nguvu za farasi 220. Alipolipeleka gari kupimwa kwenye mashine ya rola, karatasi ikatoka na 171. Akaja kwangu amenyong'onyea: "Mzee, nimeibiwa?"

Swali hilo lina historia ndefu, na sehemu yake imepita mlangoni petu.

Farasi huyu alizaliwa sokoni. Katika karne ya 18, James Watt wa Uingereza aliuza injini za mvuke kwa watu waliozoea kutumia farasi, akakadiria kazi ya farasi mmoja: kuinua ratili 33,000 futi moja kwa dakika.

Hapa Buffalo, kwenye Elmwood Avenue, kampuni ya Pierce-Arrow ilijenga kiwanda mwaka 1906. Zama zile nguvu ya gari ilipatikana kwa hesabu tu: upana wa silinda kwa inchi, uzidishe kwa wenyewe, kisha kwa idadi ya silinda, ugawanye kwa 2.5. Gari lao kubwa lilikuwa na silinda 6 zenye upana wa inchi 5.25. Jibu ni 66, nalo likaitwa 66. Baadaye silinda zilifanywa nyembamba kidogo, inchi 5, lakini ndefu zaidi. Injini ikawa kubwa kuliko ya kwanza, ila kwa hesabu ileile ikashuka hadi 60!

Watu wa reli walikwisha kuona njia bora. Mwaka 1891, katika Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, Profesa William Goss aliweka kichwa kizima cha garimoshi juu ya magurudumu yanayozunguka. Kikakimbia bila kutoka jengoni, huku nguvu yake ikipimwa. Mashine za rola za leo ni wajukuu wa mtambo ule: gari hufungwa kwa mikanda, tairi zikazungusha rola nzito, na kompyuta ikapiga hesabu kwa jinsi rola inavyoongeza kasi.

Hata baada ya kupima, mwamba ngoma huvutia kwake. Kampuni za Marekani zilizoea kupima injini ikiwa peke yake, imevuliwa vifaa vingi inavyovibeba barabarani. Cadillac Eldorado ya 1971 ilitangazwa kuwa na farasi 365. Ya 1972, kwa kipimo kipya cha injini iliyovaa vifaa vyake, ikatangazwa 235. Farasi 130 hawakutoroka zizini. Wengi wao walikuwa wa karatasi.

Nasi tuliotoka Afrika Mashariki tunajua jambo jingine. Nairobi ipo karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza huko kama asilimia 15 hadi 20 ya nguvu iliyokuwa nayo Mombasa. Ndiyo maana mashine hurekebisha namba kufuata hewa ya siku hiyo, na mwenye gari aulize kama imerekebishwa.

Basi nikamjibu kijana: 171 ni nguvu iliyofika kwenye tairi. Giaboksi na ekseli hula sehemu yake njiani, kwa hiyo 220 ya injini na 171 ya tairi si vitu vya kulinganisha moja kwa moja. Nikamwomba karatasi ya kipimo cha kabla ya matengenezo.

Hakuwa nayo. Bila hiyo, yeye hawezi kumshitaki fundi, wala fundi hawezi kujitetea.

Wenye magari, pimeni kabla, pimeni baada, mashine ileile. Karatasi ya kwanza ndiyo shahidi wenu.