Darubini na Sura Iliyopinduka

Mtazamaji wa nyota hapungukiwi na kitu akiiona nyota chini juu, kwa kuwa nyota haina kichwa wala miguu. Walakini mtu atazamaye mnyama malishoni, au mlima ulio mbali, hawezi kuridhika na sura iliyopinduka. Ila hiyo ndiyo iliyoitenga darubini ya nchi kavu na ile ya mbinguni.

Mwezi wa Oktoba 1608 Hans Lippershey, fundi wa miwani wa Middelburg, aliiomba serikali ya Uholanzi haki ya peke yake juu ya chombo cha kuonea mbali. Alinyimwa, maana wengine nao walidai kuijua siri ile. Hata hivyo alilipwa atengeneze vya macho mawili. Mwaka uliofuata Galileo aliwaonyesha wakuu wa Venice merikebu zilizokuwa bado mbali baharini. Darubini yake ilionyesha vitu wima, lakini kuitazamia kulikuwa kama kuchungulia tunduni. Kepler alieleza mwaka 1611 namna nyingine yenye upana zaidi, nayo ikapindua kila kitu. Kuongeza lenzi za kuisimamisha sura kulirefusha bomba. Ndiyo yale mabomba ya mabaharia, ambayo sehemu moja huingia ndani ya nyingine.

Mwaka 1854 Mwitalia Ignazio Porro alipata njia tofauti kabisa. Nuru irudishwe huku na huku ndani ya prizimu mbili, yaani vipande vya kioo vya pembetatu: hapo sura husimama wima, na safari ndefu ya nuru hukunjwa katika kasha fupi. Wazo lilikuwa kamili. Kioo ndicho kilichokuwa duni. Nuru ipitapo katika kioo kinene kisicho safi hufifia na kupotoka.

Kioo chenyewe kilipatikana Jena, Ujerumani, ambako Otto Schott alifungua karakana yake mwaka 1884 pamoja na Ernst Abbe na Carl Zeiss. Abbe alikuwa amewaza prizimu zile zile pasipo kujua habari za Porro, na alipoomba haki ya uvumbuzi akakuta ametanguliwa. Alichopewa ni haki ya kuzitenga lenzi za mbele kupita nafasi iliyopo baina ya macho ya mtu, na hilo si jambo dogo: ndilo limwezeshalo mtazamaji kumbagua mnyama na kichaka kilicho nyuma yake. Darubini hizo zilianza kuuzwa mwaka 1894. Porro alikuwa amekwisha kufa tangu 1875, ila prizimu hizo huitwa kwa jina lake hata leo.